Kutumia dawa za kifafa kuzuia kipandauso: namna ya kuanza, kuvumilia wiki za mwanzo na kujua kama inakusaidia

Hii naiona sana pale kaunta ya famasi. Mtu kaenda hospitali kichwa kinamuua, daktari kamuandikia topirameti, kaja kwetu kachukua dawa yake vizuri, kafika nyumbani kaingia mtandaoni kusoma inatibu nini, kesho yake asubuhi huyo amerudi na boksi mkononi: "Kaka, mbona umenipa dawa ya kifafa? Mimi sina kifafa." Na huyo aliyerudi kuuliza ndo mwenye nafuu, maana wengi hawarudi, wanaitupa kwenye droo wanaendelea na panadol zao, na wengine boksi limeonwa na mama mkwe au wifi ndo maneno yakaanza, si mnajua huku kwetu kifafa bado watu wanakinyanyapaa mpaka inasikitisha.

Sasa nataka niandike hii kitu yote kwa mpangilio mtu aweze kuifuata, kuanzia kujua kama inakuhusu mpaka siku ya kuiacha, kwa sababu hizi dawa zinasaidia watu kweli ila zinashindwa mapema kwa sababu watu hawakuelezwa. Dawa yenyewe lazima uandikiwe na daktari, hilo halina mjadala, mimi hapa nakupa yale ambayo ungeelezwa kama foleni ya kliniki isingekuwa ndefu vile.

Kwanza, hujakosewa dawa

Kipandauso, wengi siku hizi mnakiita migreni, sio kichwa cha kawaida cha jua au njaa. Kinapiga mara nyingi upande mmoja, kinadunda kama mapigo ya moyo, mwanga unakukera, kelele zinakukera, harufu ya vitunguu vinavyokaangwa jirani inakutapisha, na usipotibu kinakaa kuanzia masaa 4 mpaka siku 3 nzima. Wanawake kinawapata kama mara 3 zaidi ya wanaume. Wengine kabla hakijaanza wanaona nyota, mistari ya zigizaga, au upande mmoja wa picha unapotea.

Ubongo wa mtu mwenye kipandauso unastuka haraka, seli zake za fahamu zinawaka kirahisi kuliko za mtu mwingine, na hapo ndo panapofanana kidogo na kifafa ingawa ni magonjwa mawili tofauti na moja haligeuki kuwa lingine. Mwaka 1944 mtafiti mmoja Mbrazil, Aristides Leão, alikuwa Marekani anachunguza kifafa kwenye ubongo wa sungura, akaona kitu ambacho hakukitarajia: wimbi la seli kuwaka halafu kuzimika likitambaa juu ya ubongo taratibu, milimita chache tu kwa dakika. Leo wataalamu wanaamini wimbi la aina hiyo hiyo ndo linaleta zile nyota na zigizaga. Kwahiyo dawa inayotuliza seli zisiwake ovyo, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya kifafa, ikaja kuonekana inapunguza na kipandauso. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha valproeti, dawa nyingine ya kifafa, kwa kuzuia kipandauso mwaka 1996, na topirameti mwaka 2004. Sio majaribio ya juzi haya.

Ukiulizwa nyumbani jibu hivyo hivyo kwa kifupi, "ni dawa ya kutuliza mishipa ya fahamu, inatumika kwa kifafa na inatumika kwa kipandauso", basi. Na hata kama ingekuwa ni kifafa, mtu mwenye kifafa hana la kuonewa aibu, hakiambukizi kwa mate wala kwa povu, ila hilo lina siku yake.

Je inakuhusu wewe?

Dawa ya kuzuia sio ya kila anayeumwa kichwa. Kichwa kikikupiga mara moja baada ya miezi miwili, ukameza ibuprofeni ukalala kikaisha, huna haja ya kumeza kidonge kila siku. Madaktari wanaanza kufikiria dawa ya kuzuia pale unapopata siku kama 4 au zaidi za kipandauso kwa mwezi, au ni chache lakini zinakulaza kabisa huendi kazini hupiki huwezi hata kumshika mtoto, au dawa za kutuliza hazikufai au umeshazizidisha.

Hilo la kuzidisha nakuomba ujiangalie vizuri, maana ndo ninaloliona kuliko yote. Mtu anameza panadol au diklofenaki karibu kila siku, kichwa kinatulia kwa masaa kinarudi, anameza tena, mwisho dawa yenyewe ndo inayotengeneza kichwa cha kesho. Ukimeza paracetamol au ibuprofeni au diklofenaki siku 15 au zaidi kwa mwezi kwa miezi mitatu na kuendelea uko kwenye hatari hiyo, na kwa zile zenye mchanganyiko kama Panadol Extra ambayo ina kafeini ndani, au zenye kodeini, mpaka ni siku 10 tu. Mtu wa hivi hata umpe topirameti nzuri namna gani, kama hapunguzi zile za kutuliza, haitamsaidia inavyotakiwa. Mwambie daktari ukweli unameza ngapi. Hakuna atakayekugombeza, na kama atakugombeza we mwambie tu.

Afu kuna vichwa ambavyo hupaswi kuvikalia nyumbani ukisoma makala, unaenda hospitali leo leo: kichwa kilichokuja ghafla kwa sekunde chache kikali kuliko vyote ulivyowahi kupata, kichwa chenye homa na shingo kukakamaa, upande mmoja wa mwili kuishiwa nguvu au ulimi kuwa mzito, kichwa baada ya kugonga kichwa kwenye ajali ya bodaboda hata kama ni wiki iliyopita, kichwa kipya kwa mtu aliyevuka miaka 50, kichwa kipya kwa mtu anayeishi na virusi vya ukimwi, na mama mjamzito au aliyejifungua karibuni mwenye kichwa kikali na miguu imevimba au macho yanaona ukungu. Huyo wa mwisho msimsubirishe hata saa moja, hiyo inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba.

Anza na daftari

Kabla hujaenda kwa daktari, au sa hivi ukisubiri tarehe yako ya kliniki, chukua daftari la kawaida la shule au kalenda ya simu uandike kwa mwezi mzima. Sio insha. Mstari mmoja unatosha, mfano: "Jumanne, kimeanza saa 10 jioni, kulia, nimetapika, ibuprofeni 400 mbili, kimeisha saa 4 usiku, hedhi inakaribia, mchana sikula." Ukimpelekea daktari mistari kama hiyo umemrahisishia kazi kabisa, na wewe mwenyewe utaanza kuona vitu, utakuta ni siku unazoruka chakula cha mchana, au zile siku mbili kabla ya hedhi, au jumamosi unapolala sana. Na bila daftari miezi mitatu mbele utashindwa kusema dawa imesaidia au la, kwa sababu mtu akiwa na maumivu leo anaona kama yapo siku zote.

Dawa ipi

Hapa watu wanachanganya sana, wanadhani dawa yoyote ya kifafa inafaa. Hapana. Zenye ushahidi mzito kwenye kuzuia kipandauso ni mbili tu, topirameti (boksi wengi wanalijua kama Topamax) na valproeti (wengi mnaijua kwa jina la Epilim). Fenobabitoni, fenitoini, na kabamazepini ambayo ndo Tegretol, hizo zinapatikana kirahisi na ni bei nafuu na ni dawa muhimu sana kwa wenye kifafa, lakini sio dawa za kuzuia kipandauso. Lamotrijini ilijaribiwa haikupunguza vichwa. Gabapentini watu wanaandikiwa sana lakini ushahidi wake ni dhaifu. Kwahiyo ukiwa na jirani yako ana Tegretol ya mtoto wake akakwambia "jaribu na hii si ni hizo hizo", kataa.

Na niseme wazi, hizi sio lazima ziwe za kwanza. Kuna propranolo ambayo ni dawa ya presha na moyo, ipo hadi kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani kwa ajili ya kipandauso, ni bei rahisi, ila mwenye pumu asiiguse. Kuna amitriptilini kidonge kidogo usiku, inamfaa sana mtu asiyelala vizuri. Madaktari wengi wataanza na hizo, na wewe una haki ya kuuliza "kwa nini hii na sio ile". Topirameti inapendelewa pale mtu ana pumu, au ana uzito mkubwa asingependa kuongezeka, au zile zingine zimeshashindwa.

Kwa wadada na wamama, hapa someni taratibu

Valproeti kwa mwanamke anayeweza kushika mimba, kwa ajili ya kipandauso, jibu ni hapana. Naandika kwa herufi zangu zote hapana. Mtoto akiwa tumboni mama anameza valproeti, kama mmoja kati ya watoto 10 anazaliwa na kasoro ya mwili, uti wa mgongo ulioachana, moyo, mdomo, na watoto 3 mpaka 4 kati ya 10 wanapata shida ya ukuaji wa akili, kuchelewa kuongea, usonji. Kumeza folik asidi hakuondoi hatari hiyo. Mamlaka ya Marekani mwaka 2013 ilipiga marufuku kuitumia kwa kipandauso wakati wa ujauzito, na Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitoa tamko kwamba wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa wasiandikiwe valproeti. Kwa mwenye kifafa mazungumzo yanakuwa mengine kwa sababu degedege lenyewe linaweza kuua, na huyo asiiache mwenyewe hata siku moja bila daktari. Lakini kwa kichwa kuna njia nyingine kibao, hakuna sababu ya kumuweka mtoto kwenye hatari hiyo.

Topirameti nayo sio salama kwenye mimba, watu wanadhani kwa sababu imeepuka jina la valproeti basi iko poa. Inaongeza watoto kuzaliwa na mdomo wa sungura, inaongeza watoto wenye uzito mdogo, na tafiti za karibuni zimeonyesha na usonji na shida za akili zinaongezeka. Uingereza kuanzia mwezi wa 6 mwaka 2024 mwanamke anayeweza kuzaa hapewi topirameti mpaka awe kwenye uzazi wa mpango wa uhakika. Na hapa ndo kuna mtego, topirameti inapunguza nguvu ya baadhi ya uzazi wa mpango wenyewe. Vidonge vya majira na vijiti vya mkononi vinaweza kudhoofishwa, kwahiyo usivitegemee peke yake, ongeza kondomu au badilisha njia. Kitanzi hakina shida, na sindano ya miezi mitatu haina shida. Ukienda kliniki ya uzazi wa mpango taja jina la dawa unayomeza, sio kusema tu "natumia dawa za kichwa", kwa sababu nesi atadhani ni panadol.

Ukigundua una mimba na uko kwenye dawa hizi, usikae na hofu ukisubiri tarehe ya kliniki, piga simu au nenda siku hiyo hiyo. Na kama unapanga kupata mtoto mwaka huu sema mapema kabisa, upangiwe dawa nyingine.

Wanaume nanyi, kwa valproeti, wataalamu wa Ulaya tangu 2024 wanashauri tahadhari kwa anayetarajia kumpa mwenzake mimba, kwa sababu kuna dalili kwamba hata baba kumeza kwenye miezi 3 kabla ya mimba kunaweza kugusa ukuaji wa mtoto. Kamuulize daktari.

Kabla ya kidonge cha kwanza

Mwambie daktari kama umewahi kupata mawe ya figo, presha ya macho, ugonjwa wa ini, sonona au mawazo ya kujidhuru, kama unatumia ARV au metfomini au dawa yoyote ya kifafa tayari. Kwa valproeti utapimwa ini na damu kabla, ndo utaratibu, usiruke. Kwa topirameti figo ziangaliwe, maana figo zikiwa dhaifu dozi inashushwa.

Kwa watoto pia kuna jambo. Topirameti inaruhusiwa Marekani kuanzia miaka 12, lakini utafiti mkubwa uliotoka mwaka 2017 uliwapima watoto na vijana wa miaka 8 mpaka 17, ukakuta topirameti na amitriptilini hazikuzidi kidonge bandia (kisicho na dawa ndani, cha kulinganishia tu), na madhara yalikuwa mengi zaidi. Kwahiyo mtoto anaumwa kichwa tusikimbilie huko, tuanze na usingizi, chakula kwa wakati, maji, na macho yake yapimwe.

Na uulize bei na upatikanaji kabla hujaanza. Topirameti haipo kila mahali, maduka ya dawa muhimu mtaani kwa kawaida huipati, utaikuta famasi kubwa au hospitali, na kama una bima uliza kama wanailipia. Hii ni dawa ya miezi, usianze na pesa ya wiki mbili halafu ukakatika katikati.

Kupanda ngazi polepole

Sasa hapa ndo penye siri yote ya topirameti. Inaanzwa kidogo, inapandishwa kila wiki, na anayeruka ngazi ndo anayekuja kuniambia "ile dawa ilinichanganya akili nikaiacha". Ratiba ya kawaida ni hii: wiki ya kwanza miligramu 25 usiku tu. Wiki ya pili 25 asubuhi na 25 usiku. Wiki ya tatu 25 asubuhi na 50 usiku. Wiki ya nne 50 asubuhi na 50 usiku, hapo umefika 100 kwa siku na kwa watu wengi ndo mwisho wa kupanda. Zaidi ya hapo madhara yanaongezeka kuliko faida. Daktari wako anaweza kuweka ratiba tofauti, fuata yake. Na ukiona ngazi moja imekulemea, sio kuacha, unapiga simu unamwambia, mara nyingi atakwambia kaa hapo hapo wiki mbili badala ya moja ndo upande. Kuna watu wanatosheka na 50 kwa siku na maisha yanaenda.

Kidonge kimeze kizima na maji, ukikivunja ni kichungu vibaya sana. Na chakula au bila chakula ni sawa. Ukisahau, meza ukikumbuka, ila kama muda wa kingine umekaribia achana na kilichopita, usimeze viwili kwa mpigo. Mimi huwa naandika ratiba kwa kalamu juu ya boksi lenyewe, W1, W2, W3, W4, na tarehe pembeni, na nawaambia watu wamuombe yeyote anayewauzia awaandikie, maana karatasi ya ndani ya boksi hakuna anayeisoma.

Valproeti kwa anayefaa kupewa, mfano mwanaume asiye na shida ya ini, kawaida inaanza miligramu 250 mara mbili kwa siku na wengi wanaishia kati ya 500 na 1000 kwa siku. Ile yenye ganda usiivunje wala kuitafuna, meza baada ya kula ili tumbo lisisumbue.

Wiki za mwanzo utahisi nini

Topirameti itakuchoma choma vidoleni, kwenye vidole vya mikono, miguu, wakati mwingine midomo, kama ganzi inayoisha. Inatisha mara ya kwanza lakini sio kiharusi, haiko upande mmoja wa mwili na nguvu unazo. Soda itakosa ladha. Hili hakuna anayeniamini mpaka limtokee, mtu anafungua pepsi baridi anaonja anasema hii imekufa gesi, anafungua nyingine hiyo hiyo. Sababu ni kwamba topirameti inazuia kimeng'enya fulani ambacho ndo kinachofanya ulimi uisikie gesi ya soda, na kuzuiwa kwa kimeng'enya hicho hicho kwenye figo ndo kunakoleta hatari ya mawe. Kwahiyo soda ikikosa ladha chukulia kama kikumbusho cha kunywa maji, lita 2 mpaka 3 kwa siku, na zaidi kama unafanya kazi juani. Kwa watu wa pwani kuna lingine, inaweza kupunguza jasho mwili ukashindwa kupoa, hasa watoto, kwahiyo Dar au Mombasa mwezi wa pili ukiona mwili unawaka na jasho hakuna, kaa kivulini, jimwagie maji, na ukizidiwa nenda hospitali.

Hamu ya kula inapungua na uzito unashuka, wengine wanafurahi, lakini kama tayari ni mwembamba usikae kimya. Na tafadhali dada zangu msiitumie kama dawa ya kupungua.

Kinachowasumbua wengi zaidi ni maneno kupotea. Unaongea vizuri ghafla unasema "niletee ile... ile... ya kukorogea uji" na neno mwiko haliji. Walimu, mawakili, watu wa kaunta kama mimi, wanafunzi wa mitihani, hili linawauma sana. Kwa wengi linapungua mwili ukizoea au dozi ikishushwa kidogo, na likikuzidi una haki ya kusema hii dawa hainifai, zipo nyingine. Mwenye mtihani wa taifa mwezi ujao asianze sasa kama anaweza kusubiri. Anayeendesha bodaboda au mashine aone kwanza inamfanyaje wiki ya kwanza. Pombe iache.

Valproeti yenyewe ni kinyume kwenye uzito, inanenepesha, nywele zinaweza kupungua, mikono inatetemeka kidogo, kichefuchefu. Na ukiwa nayo, aspirini isiwe ndo dawa yako ya kutuliza, tumia paracetamol au nyingine utakayoambiwa.

Haya yafuatayo sio ya kuvumilia hata siku moja: jicho kuuma ghafla au kuona ukungu ghafla, mara nyingi hutokea ndani ya mwezi wa kwanza wa topirameti, nenda hospitali siku hiyo kwa sababu presha ya jicho ikipanda unaweza kupoteza kuona. Maumivu makali ya mbavuni kushuka kinenani au mkojo wa damu. Kupumua haraka haraka na uchovu usioelezeka. Kwa valproeti, macho kuwa ya njano, kutapika kusikoisha, maumivu makali ya tumbo la juu, michubuko ya damu isiyo na sababu. Na kwa zote, mawazo ya kujidhuru au huzuni iliyokuja ghafla baada ya kuanza dawa. Hilo la mwisho mwambie mtu wa nyumbani ajue kabla, kwa sababu mwenyewe unaweza usilione.

Kichwa kikija wakati uko kwenye dawa

Kitakuja tu, hasa mwezi wa kwanza. Dawa ya kuzuia ni kama chandarua, haitibu malaria iliyokwishaingia, kwahiyo usiongeze topirameti siku kichwa kimepiga na usiseme haifanyi kazi. Siku hiyo unatumia dawa yako ya kutuliza, mapema kabisa kikianza, dozi kamili, paracetamol gramu 1 au ibuprofeni 400 kama huna vidonda vya tumbo wala shida ya figo, chumba cha giza, maji, ulale. Ila hesabu siku, weka ukomo wa siku mbili kwa wiki.

Wanaofunga Ramadhani, zungumzeni na daktari wiki kadhaa kabla mwezi haujaandama. Kidonge cha asubuhi kinaweza kuhamia daku na cha usiku futari, topirameti inakaa mwilini muda wa kutosha kwa hilo, lakini tatizo kubwa ni maji, ukifunga bila kunywa vya kutosha usiku mawe ya figo yanakusogelea, na njaa yenyewe ni kichokozi kikubwa cha kipandauso. Wengine watashauriwa wasifunge, na mgonjwa ana ruhusa yake.

Utajuaje kama inasaidia

Subiri miezi 2 mpaka 3 ukiwa kwenye dozi kamili, sio tangu siku ya kwanza. Halafu fungua daftari. Mwezi kabla ya dawa ulikuwa na siku 10 za kichwa, sa hivi una 5, hiyo ni dawa inayofanya kazi, hata kama leo unaumwa. Kwenye majaribio makubwa yaliyochapishwa mwaka 2004, karibu nusu ya waliomeza topirameti 100 kwa siku walipunguziwa vichwa kwa nusu au zaidi, wakati kwa waliopewa kidonge bandia ilikuwa chini ya robo. Kwahiyo kuna nusu nyingine ambao haikuwafanyia hivyo. Ukiwa kwenye hao sio kwamba umerogwa au kichwa chako ni cha majini, ni kwamba unahitaji dawa nyingine, rudi kwa daktari na daftari lako. Angalia pia mengine zaidi ya idadi: kichwa kinakaa muda gani, panadol ngapi kwa mwezi, siku ngapi umekosa kazi.

Kuiacha

Ikikufaa, kwa kawaida unakaa nayo miezi 6 mpaka 12 kisha daktari anaangalia kama unaweza kushuka. Usiikate ghafla, hata kama huna kifafa na hujawahi kuanguka, kwa sababu ubongo uliozoea kutulizwa ukiachiwa ghafla unaweza kuleta degedege. Unashuka kama ulivyopanda, miligramu 25 kila wiki au jinsi utakavyoelekezwa, huku daftari linaendelea. Wengi wanashuka vichwa vinabaki vichache, wengine vinarudi ndani ya miezi michache na wanaanza tena, hakuna ubaya. Tofauti ni kwa aliyeambiwa aache kwa sababu ya jicho au ini au mimba, huyo afuate hospitali wanavyosema siku hiyo hiyo.

Na boksi likibaki na vidonge usimpe shoga yako anayelalamika kichwa, hata kama dalili zinafanana kabisa na zako, hujui ana mimba ya wiki tatu au mawe ya figo. Rudisha famasi ulikonunua au ulipo karibu uwaulize jinsi ya kuviteketeza, na kama unasafiri nje ya mji kumbuka kubeba vya kutosha mpaka siku ya kurudi pamoja na cheti cha daktari, maana huko uendako huenda usivipate.